MTUMISHI AKIWA MBALI NA OFISI, MWANANCHI ANAPATA NINI?

(Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi katika semina ya siku moja ya watendaji wa vijiji, walimu, wahudumu wa afya na maafisa ugani, kata ya Chilangala, wilaya ya Newala)



 Maji mliyotunawisha asubuhi tunayashukuru, maana tunajua maji ya uwanda huu yanatoka mbali. Tutarudi kwenye maji baadaye kidogo.

Tumeombwa tuzungumzie suala la kufanya kazi ukiwa mbali na ofisi, na jinsi linavyoathiri utendaji wa mtumishi wa umma. Barua ya mwaliko ilipofika kwetu, mwenzetu mmoja alicheka. Alisema mada hiyo ni ya watu wa Dar es Salaam na Dodoma, wenye kompyuta za mapajani na viyoyozi, siyo ya watu wa Newala. Tulikaa tukaitafakari, tukaona ni kinyume chake. Wa kuulizwa habari za kazi ya mbali ni mtu wa Chilangala. Mtendaji wa kijiji huku uwandani amefanyia kazi nyumbani kwake miaka yote, kwa sababu vijiji vingi vilianza bila jengo la ofisi. Muhuri uko kwenye mfuko wa shati, rejesta iko chini ya kitanda, na mwananchi anayetaka barua ya utambulisho anamfuata shambani anakopalilia. Mwalimu wa shule ya kijijini anaweza kumaliza muhula mzima bila kuonana na afisa elimu wa wilaya. Nesi wa zahanati anazalisha usiku akiwa peke yake, na mkubwa wake wa kazi amelala mjini. Hao wote wako mbali na ofisi kuu. Kwa hiyo tusilichukue jambo hili kama ugeni ulioletwa na simu za kisasa.

Hata serikali yenyewe imelijadili tangu zamani, ila kwa majina mengine. Mwaka 1972 ulipokuja mpango wa Madaraka Mikoani, maafisa walitolewa wizarani Dar es Salaam wakapelekwa mikoani na wilayani, kwa hoja kwamba mtu anayepanga maendeleo ya mwananchi asikae mbali naye. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, na mwaka 1982 zilipitishwa sheria za kurudisha serikali za mitaa. Lakini swali la msingi lilikuwa sahihi, na ndilo tunalolileta hapa leo. Tunaposema mtumishi yuko mbali, yuko mbali na nani?

Wengi walianza kusikia habari za kufanyia kazi nyumbani mwaka 2020. Machi 15 mwaka huo, siku mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, Rais Uhuru Kenyatta aliwataka waajiri wa serikali na wa sekta binafsi wawaruhusu wafanyakazi kufanyia kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma za lazima. Hapa kwetu mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16. Shule zilianza kufungwa Machi 17, na za msingi zikafunguliwa tena Juni 29, lakini ofisi za serikali ziliendelea na kazi. Kwa hiyo hatukupitia jaribio kubwa kama walilopitia majirani zetu. Letu lilikuja polepole, kwa njia ya mifumo.

Mifumo hiyo ndugu watumishi mnaijua kuliko sisi. Likizo inaombwa kwenye mtandao. Uhamisho unaombwa kwenye mtandao. Tathmini ya utendaji, ambayo kuanzia mwaka 2004 ilifanywa kwa fomu za OPRAS zilizojazwa kwa kalamu, sasa inafanywa kwa mfumo wa PEPMIS, ambapo mtumishi anaingiza kazi zake na msimamizi wake anazithibitisha hata kama hawajaonana. Takwimu za zahanati, ambazo zamani zilikaa kwenye vitabu vya MTUHA na kubebwa kwa basi kila mwisho wa mwezi, siku hizi zinaishia kwenye kompyuta.

Tuseme wazi kwamba faida ipo, na ni kubwa. Wazee waliopo hapa wanakumbuka enzi za mwalimu kufuata mshahara. Anaondoka Alhamisi kwa lori la mizigo, Ijumaa anakuta foleni, fedha zimeisha au mhasibu hayupo, anasubiri Jumatatu, anarudi Jumanne. Darasa limekaa bila mwalimu karibu wiki nzima, na hapo mwalimu hakufanya kosa lolote. Leo mshahara unaingia benki, anautoa kwa wakala kwa simu. Siku hizo zote zimerudi darasani, au zilipaswa kurudi.

Mfano mwingine ni wa mama mjamzito. Kuna mpango wa m-mama ambao tangu mwaka 2022 umekuwa ukisambazwa mikoa yote. Mama akipata uchungu wa hatari, ndugu wanapiga namba 115 bila malipo. Anayepokea yuko mbali kabisa, hamwoni mgonjwa. Anauliza maswali, anaamua ni dharura ya aina gani, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anampigia dereva wa kawaida aliyesajiliwa katika eneo lile, ambaye atalipwa kwa simu. Huyo mpokea simu ni mtumishi wa mbali, na kwa kuwa mbali ndipo anapoweza kuhudumia vijiji vingi kwa wakati mmoja.

Hali kadhalika mkulima wa korosho. Zamani alisubiri bwana shamba apite ndipo amwonyeshe maua yaliyoingiwa na unga mweupe. Leo anapiga picha, anaituma, na kabla ya mchana anajibiwa kama ni ubwiriunga na apulize salfa kiasi gani. Ni kweli kwamba Aprili 4, 2022 pale Dodoma Rais Samia Suluhu Hassan aligawa pikipiki kwa maafisa ugani, na tunashukuru. Lakini pikipiki inataka petroli kila siku, na ile picha inataka shilingi chache tu.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, tuangalie utafiti unasemaje. Tutaje mitatu tu, na miwili kati ya hiyo inahusu utumishi wa umma hasa.

Wa kwanza ni wa China, katika kampuni ya usafiri iitwayo Ctrip, mjini Shanghai, mwaka 2010 na 2011. Profesa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwafuatilia wapokea simu kwa miezi 9. Wapo waliobaki ofisini, na wapo waliofanyia kazi nyumbani siku 4 kwa wiki. Wale wa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13. Magazeti mengi yaliishia hapo. Lakini yako mambo mawili ambayo hayatajwi sana. Kwanza, aliyeruhusiwa kufanyia kazi nyumbani ilibidi awe na chumba chake cha kazi na intaneti ya uhakika. Pili, jaribio lilipokwisha na watu wakaambiwa wachague, karibu nusu ya wale wa nyumbani waliomba kurudi ofisini. Sababu kubwa waliyoitoa ilikuwa upweke.

Wa pili ni wa Ofisi ya Hataza ya Marekani, yaani ofisi ya serikali inayochunguza uvumbuzi kabla ya kuusajili. Wachunguzi ambao tayari walikuwa wakifanyia kazi nyumbani waliruhusiwa kuishi mahali popote wapendapo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kazi yao iliongezeka kwa asilimia 4.4. Hawa wanasoma maandishi na kuandika maamuzi, kila mmoja na jalada lake.

Wa tatu ni wa polisi wa Greater Manchester nchini Uingereza. Pale mtu mmoja anapokea simu ya raia mwenye shida, anaandika kwenye kompyuta, na mwingine anaisoma na kuwatuma askari. Watafiti waligundua kuwa wawili hawa wanapokuwa katika chumba kimoja, askari wanatumwa mapema zaidi kuliko wanapokuwa katika majengo tofauti, ingawa kompyuta ni zile zile na ujumbe ni ule ule. Wanapokuwa karibu, mmoja anaweza kumgeukia mwenzake akamwambia neno ambalo kwenye fomu halina nafasi yake.

Tukiiweka tafiti hizi pamoja tunaona kwamba kazi ya mbali inakwenda vizuri pale mtu anapofanya kazi yake peke yake na matokeo yake yanahesabika. Pale kazi inapotegemea watu wawili kuelewana kwa haraka, umbali unagharimu. Na hapa ndipo tunapokumbuka maji. Uwanda wa Makonde hauna mto juu yake. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa mashine kutoka chemchemi za bondeni Mitema kuja huku juu. Fundi wa mashine ile watu wengi wa hapa hawamjui kwa sura, na yeye hawajui. Lakini asipowasha, wilaya nzima inajua kabla ya saa sita mchana. Yeye anaweza kuwa mbali bila hasara, kwa sababu kazi yake inajitangaza yenyewe. Nesi asipokwenda kijiji cha pili kuchanja, hakuna bomba linalokauka. Watoto wanaendelea kucheza. Itajulikana mwaka mwingine, surua ikiingia.

Wala tusidanganyike kwamba dawa yake ni kumrudisha kila mtu ofisini na kumsainisha kitabu cha mahudhurio. Mwaka 2014 utafiti wa Benki ya Dunia katika shule za msingi za Tanzania ulikuta kuwa siku ya ukaguzi wa kushtukiza, walimu kama 14 katika kila 100 hawakuwepo shuleni. Lakini waliokosekana darasani walikuwa karibu nusu. Yaani wengi walikuwa wamefika, wamesaini, wako kwenye eneo la shule, na darasani hamna mtu. Mita hamsini tu, na mtoto hakufundishwa. Tulipohangaika na watumishi hewa mwaka 2016 tulitafuta majina yasiyo na watu. Huyu wa kusaini na kukaa chini ya mwembe ana jina, ana mwili, ana cheti, wala hakuna uhakiki utakaomgundua.

Baada ya kuyasema hayo ya wengine, ni haki tuseme na ya kwetu. Tumekubaliana ofisini kwamba tusije hapa kuwafundisha watumishi wa serikali uwajibikaji huku sisi tumeficha kosa letu uvunguni.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mradi mdogo wa kusaidia huduma ya mkoba katika vijiji vya uwanda huu ambavyo havina zahanati. Tulimwajiri kijana mmoja awe mhamasishaji. Kazi yake ilikuwa kukaa kijijini, kuwajua akina mama wenye watoto wadogo, kuwakumbusha siku ya kliniki, na siku hiyo ikifika kumbeba nesi kwa pikipiki pamoja na kisanduku cha chanjo. Tulimkabidhi pikipiki na simu nzuri. Wafadhili walitaka takwimu, nasi tukamtaka atutumie ripoti kila Ijumaa kwa simu, yenye picha na jedwali.

Kijijini alikopangiwa mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, chini ya mkorosho mmoja mkubwa kwenye mwinuko wa njia ya shambani. Kwa miezi miwili ya kwanza alikuwa anakwenda kusimama pale kila Ijumaa jioni, simu juu, mpaka picha ziondoke. Mara nyingi hazikuondoka. Ripoti zikachelewa. Tukamwandikia barua. Naam, tulimwandikia barua ya kumkumbusha masharti ya ajira yake.

Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akapanga chumba mjini, kwenye umeme na mtandao, akawa anakwenda vijijini kwa pikipiki na kurudi. Ripoti zikaanza kuingia kila Ijumaa kabla ya saa nane, safi, picha zinaonekana vizuri. Tulifurahi sana. Katika kikao cha robo mwaka tulisoma ripoti yake mbele ya wenzake kama mfano wa kuigwa. Kwenye sehemu ya changamoto alikuwa ameandika neno moja, usafiri. Robo iliyofuata akaandika tena usafiri. Tukamjibu asante, endelea hivyo hivyo.

Tulikuja kugundua kwa bahati, tulipofika kijiji kile kwa msiba wa mzee mmoja. Baada ya maziko tulikaa mkekani pamoja na wafiwa. Bibi mmoja akasogea na mjukuu wake mgongoni, akatusalimia, kisha akauliza, "Wanangu, yule kijana wenu mlimhamisha?"

Tukamjibu, "Hapana bibi, yupo. Anakuja kila wiki."

"Basi atakuwa anapita usiku," akasema.

Watu wakacheka, na sisi tukacheka. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Chanjo ya surua mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Mtoto huyu alishaanza kutembea, na mahali pa ile ya kwanza palikuwa peupe. Tukauliza kadi nyingine pale pale msibani. Zilikuwa hivyo kadhaa.

Usiku ule tulizifungua ripoti zote kwenye kompyuta, tukaziangalia kama tulivyopaswa kuziangalia mwanzo. Mama mwenye kanga ya rangi ya chungwa alionekana katika picha za Machi, za Mei na za Juni, amekaa kwenye benchi lile lile, kivuli kikiwa upande ule ule. Siku moja ya kliniki ilikuwa imepigwa picha za kutosha miezi minne.

Kesho yake tulimfuata kijana. Tairi la nyuma la pikipiki lilikuwa limeisha kabisa, na njia ya mchanga wa huku mnaijua, huwezi kumbeba nesi na chanjo kwenye tairi la namna hiyo. Alituomba, hatukusikia. Nesi peke yake hakuweza kuiacha zahanati. Tulipomuuliza kwa nini hakupiga simu akasema ukweli, alinyamaza kwanza, halafu akatuambia, "Ninyi mlisema ripoti isichelewe. Hamkusema watoto wasichelewe."

Alikosa, na tulimwambia hivyo. Ripoti ya uongo ni uongo. Lakini Ndugu Mwenyekiti, tulipokuwa tunarudi ndani ya gari hapakuwa na mtu aliyekuwa na hamu ya kuzungumza, maana tulijua nani alimtoa kijijini. Tulimtaka awe karibu na sisi, akasogea karibu na sisi. Akawa mbali na yule bibi.

Ndiyo maana tunauliza, mtumishi yuko mbali na nani? Kila mfumo mpya unapoletwa, hata ukiwa mzuri, unamvuta mtumishi kidogo kuelekea mahali penye mtandao. Mtendaji wa kijiji anaambiwa taarifa ifike wilayani leo kabla ya saa kumi. Anapanda bodaboda kwenda mjini kutafuta mtandao, na mwananchi aliyetembea asubuhi kufuata barua anakuta mlango umefungwa. Akimpigia anajibiwa, niko kwenye kazi za serikali, njoo Jumatatu. Wote wawili wanasema kweli. Mwalimu mkuu naye ni vivyo hivyo. Kwenye PEPMIS siku ile itaonekana imefanyiwa kazi, na imefanyiwa kazi kweli kweli.

Na mtandao wenyewe si wa kuuegemea kwa kila kitu. Mei 2024 sisi watu wa kusini tuliyaona. Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam sehemu kadhaa, na kabla hatujatulia, Mei 12, nyaya za intaneti zilizoko chini ya bahari zikakatika. Barabara hakuna, mtandao hakuna. Aidha, Oktoba 30, 2025, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, watumishi wa umma walielekezwa wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale ambao kazi yao ingewahitaji kuwepo. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima. Mtumishi wa Dodoma alikaa nyumbani na kompyuta isiyofungua kitu. Siku kama ile nesi wa kijijini akiwa kituoni anapokea wagonjwa kama kawaida, maana kitabu chake ni cha karatasi na mgonjwa wake ana miguu.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume katika vikao hivi hulipita haraka, nasi tungelipita kama mwenzetu wa kike ofisini asingetushika. Nyumbani kwa mtumishi mwanamke si ofisi. Mwalimu wa kike anayerudi na madaftari ya kusahihisha, au anayeambiwa ajaze mfumo usiku mtandao ukiwa mwepesi, anafanya hivyo baada ya maji, kuni, chakula na mtoto. Wale Wachina walipewa sharti la chumba cha peke yao. Sisi tumewapa walimu wetu sharti la tarehe ya mwisho tu.

Halafu huyu kijana wa serikali aliyetoka Moshi au Mwanza, akapangiwa kijiji cha Newala, hajui Kimakonde, hana ndugu. Huyo hahitaji mkaguzi wa kumkamata. Anahitaji mtu afike, akae naye, aone nyumba anayolala na paa lake. Watu wa afya wanauita usimamizi shirikishi, na bajeti yake ndiyo ya kwanza kukatwa siku hizi kwa sababu, wanasema, taarifa zote zinaonekana kwenye mfumo. Tunawaomba wakubwa wetu wa wilaya waliopo hapa walitazame hilo kwa jicho la huruma.

Kwa upande wetu, tulifanya haya. Tulinunua tairi, na hilo lilichukua nusu siku. Kijana tulimbakiza kazini, ingawa wajumbe wawili wa kamati walitaka aondolewe, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Alirudi kuishi kijijini. Ripoti ikawa moja kwa mwezi, kwa karatasi, inakuja na basi. Tuliweka daftari kwa mwenyekiti wa kila kitongoji, na kila kliniki inapofanyika mwenyekiti na mama mmoja wanaandika tarehe na kutia sahihi au dole gumba. Daftari halitoki kijijini. Anayetaka kulisoma, sisi tukiwemo, analifuata huko, na tunalifuata mara moja kila robo mwaka bila kutoa taarifa. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu, basi tuliomba daftari lisomwe pale kwa sauti. Mara ya kwanza liliposomwa palizuka ubishi wa karibu saa nzima kuhusu siku moja ambayo kliniki ilianza saa saba badala ya saa tatu. Mfumo wowote usingetuletea ubishi ule.

Ripoti zake siku hizi zina alama za mafuta na zinachelewa, na mhasibu wetu analalamika kila mwezi. Mjukuu wa yule bibi alichanjwa mwezi ule ule, na wenzake ambao kadi zao tuliziona msibani. Mwaka ule surua haikufika kijiji kile, tunamshukuru Mungu.

Liko moja tumeshindwa kulimaliza, na tunaliweka mezani kabla ya chai ili washiriki watusaidie. Watumishi wengi waliopo hapa wanajaza mifumo ya serikali kwa simu zao binafsi na kwa bando wanalonunua wenyewe. Simu inachajiwa kwa jirani mwenye sola, kwa kulipia. Tulipouliza kwenye ofisi mbalimbali nani anapaswa kugharamia, kila mmoja alituelekeza kwa mwingine. Sisi wenyewe tulimpa kijana wetu simu na tukasahau bando kwa mwaka mzima. Kama kuna kijiji ambacho serikali ya kijiji imetenga fedha ya bando la mtendaji kutoka katika mapato yake, tungependa mwenyekiti wake asimame wa kwanza atueleze wamefanyaje.